Hija Betri na Gari ya Bi Radhiya

Katika mji wa Mkoani wako akina Hija wengi, lakini Hija Betri ni mmoja tu. Jina la babake ni Kificho, na katika makaratasi yake anaandikwa Hija Kificho. Hilo la Betri lilimganda tangu ujana, naye hajawahi kulikataa.

Alilipata kwa kuchaji betri za redio. Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi kila nyumba ilitaka redio yake ilie, na umeme ulikuwa haujafika mashamba. Hija alikuwa na chaja moja katika kibanda chake cha barabara ya gatini. Siku zile watu walikuwa wamefika mahali mtu wa chama hiki hanunui chumvi kwenye duka la mtu wa chama kile. Betri, hata hivyo, walimletea wote, na Hija alizipanga sambamba, waya kwa waya, bila kuuliza hii ya nani na ile ya nani. Wakubwa wa pande zote mbili walimwendea, kila mmoja kwa wakati wake, wakamtaka azitenge.

"Mabwana, moto ni mmoja," akawajibu. "Nikizitenga, nusu hazitalia, na sijui itakuwa nusu ya nani."

Wakaondoka wamenuna. Kesho yake wakarudi kuchukua betri zao.

Miaka ikapita. Redio zikaisha, umeme ukavushwa chini ya bahari, na Hija akabakia na betri za pikipiki na za magari. Kisha zikaanza kushuka kisiwani gari za haibridi, mitumba kutoka Japani. Gari ya namna hiyo ina injini ya petroli kama nyingine, lakini chini ya kiti cha nyuma ina betri kubwa inayosaidia kuisukuma, na kwa hiyo hunywa mafuta kidogo. Betri ile ikifa, gari haiwaki tena hata ukiisukuma mpaka Wete. Na moto wake si wa kuchezea, unaua. Mafundi wengi walizikimbia. Hija hakukimbia, ila hakukurupuka pia. Alikaa muda mrefu akitazama kwenye simu mafundi wa nchi ambazo lugha zake hazijui, akiangalia mikono yao tu, mpaka naye akathubutu.

Hivyo ndivyo alivyofikiwa na Bi Radhiya.

Radhiya binti Marhoun ni muuguzi wa wodi ya wazazi pale hospitali ya Mkoani. Anaishi Kengeja, katika nyumba ya zamani ya ukoo wao, yeye na babake, Mzee Marhoun, ambaye macho yake yamekwisha kabisa. Gari alinunuliwa na kakake, Talal, aliyeko Maskati. Zamu za hospitali hazina adabu. Mara atoke kabla ya alfajiri, mara arudi baada ya isha, na saa hizo malori ya abiria ya Kengeja yamelala. Bila ya gari ingembidi ahamie nyumba za wauguzi Mkoani na kumwacha mzee mikononi mwa mtu wa kuajiriwa. Kumhamisha mzee mwenyewe halikuwa jambo la kuzungumzwa. "Nimezaliwa kwenye kiwanja hiki," alikuwa akisema, "na kutolewa nitatolewa hapa hapa, nimebebwa."

Siku taa nyekundu ilipowaka kwenye dashibodi na gari ikagoma kupanda kilima, Radhiya aliivutisha kwa kamba mpaka kwa Hija.

"Fundi, usinifiche kitu," alimwambia. "Imekufa?"

"Imechoka, Bi Radhiya. Betri mpya ipo, unaagiza Dar, lakini bei yake inakaribia nusu ya gari nyingine."

"Hiyo ipite. Nimesikia ziko za mitumba."

"Ziko. Zinatolewa kwenye gari zilizogongwa. Ukibahatika utapata nzima. Lakini hujui imekaa bohari muda gani, na betri inazeeka hata ikilala. Ni sawa na kuposa kwa picha."

Radhiya akacheka bila kutaka. "Sasa mie ufukara wangu unanipeleka wapi?"

"Unakuleta hapa. Hii si betri moja. Ni vibetri vingi vimeshikana mikono. Waliochoka huwa wachache, na hao ndio wanaowaangusha wenzao. Nitawatafuta niwatoe, niwatie wengine wa umri wao. Haitakuwa mpya. Lakini itakwenda."

Akafanya kama alivyosema. Alivaa glavu nene za mpira, akachomoa plagi ya rangi ya chungwa inayokata moto, akaiacha gari ipoe kwanza. Akakifungua kiti, akaitoa betri, akaandika namba juu ya kila kibetri kwa chaki. Kisha akawajaribu mmoja mmoja kwa taa ya mbele ya gari. Aliye mzima aliiwasha taa na mita haikutikisika sana. Aliyechoka alianza kwa mbwembwe, kisha akaporomoka. Vipande vya shaba vinavyowaunganisha vilikuwa vimeota kijani kwa hewa ya chumvi, naye akavisugua kwa ukwaju kama bibi yake alivyokuwa akisugua sinia za harusi, akaviosha, akavianika mpaka vikakauka kabisa. Wagonjwa walikuwa wanne, wote wa katikati. Akaliona hilo, akasema labda ndivyo betri hizi zilivyo. Wa kuwabadilisha aliwapata Wete, kwenye betri ya gari iliyoharibika ubavu.

Gari ikatoka kibandani kimya kimya, kama inanyata. Radhiya akapunga mkono. Hija alisimama barabarani mpaka ikapotea kwenye kona.

Msimu wa karafuu haujaisha, gari ikarudi imefungwa kamba ile ile.

Vuai, fundi injini wa kibanda cha jirani, aliiona kabla ya Hija. "Yakhe Hija! Mkweo kaja kukusalimia!" akapiga kelele. "Mtandikie mkeka, huyu safari hii halali siku moja!"

Hija akatoka kibandani akifuta mikono. Alikuwa anamtazama Radhiya usoni. Radhiya akatoa simu, akamsikilizisha sauti ya kakake: "Dada, nimechoka na hadithi za mafundi. Ikiwa mwisho wa mwezi gari haiendi, naiuza hivyo hivyo kwa vipuri. Wewe utahamia Mkoani, na baba nitamtafutia mtu wa kumwangalia."

"Kaka si mbaya," Radhiya akasema. "Ila hayupo. Baba hali chakula cha mkono asioujua. Wiki niliyokwenda Unguja kwa mafunzo alikonda, nguo zikampwaya."

Hija akaifungua betri upya. Wale wanne aliowatia, wawili wameanguka, na jirani zao wawili nao wako njiani. Wa katikati tena. Pembeni wote wazima. Akawahesabu tena, glavu mikononi. Mtu mwingine angesema vile vya Wete vilikuwa vibovu, na nani angembishia? Hija alijua amewajaribu mwenyewe na walikuwa wazima.

"Kitu kinawapika," akasema mwishowe. "Wa katikati ndio wanaobanwa na joto. Bi Radhiya, nitaitia wengine, ujira sitaki. Lakini safari hii nakwenda nayo Kengeja. Nataka kuiona gari hii inavyoishi."

"Inavyoishi!" Vuai akadakia. "Basi mchukulie na chai na mkate wa mofa."

Siku gari ilipowaka tena, walifika Kengeja baada ya adhuhuri. Mbele ya nyumba sakafu ya kuanikia ilikuwa imetandazwa karafuu juu ya majamvi, nyingine bado zina wekundu, nyingine zimeshakuwa nyeusi za kuvunjika. Gari ikaegeshwa pembeni mwa sakafu, mahali pake pa siku zote. Mzee Marhoun alikuwa ameketi kwenye kigoda, akizigeuza karafuu zilizo karibu yake kwa kiganja, maana vidole vyake vinajua iliyokauka na isiyokauka.

"Baba, fundi huyu hapa," Radhiya akasema.

"Asalamu alaykum, Mzee."

"Waalaykumu salaam. Wewe ndiye fundi wa betri zisizokaa?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Alhamdulillahi. Angalau hajifichi. Mkaribishe kahawa."

Kahawa haijamiminwa, Kazija, jirani wa nyumba ya pili, akapiga ukelele: "Mvua! Mvua hiyooo! Anueni!"

Na pale Hija akaona maisha ya ile gari. Watu walitoka wasikojulikana, wanawake wa nyumba tatu nne na Radhiya na sare yake ya kazi. Majamvi yakakunjwa pembe kwa pembe na karafuu zake ndani. Milango ya nyuma ya gari ikafunguliwa, na majamvi yakatupiwa juu ya kiti, moja, jingine, jingine. Radhiya akayasukuma kwa goti mpaka yakaenea. Makonyo, vijiti vilivyoshikilia karafuu, na vumbi vikaruka. Mzee Marhoun alikuwa amesimama, fimbo juu, akiamrisha kama nahodha: "Hizo za kusini kwanza! Zile kavu!" Milango ikafungwa kwa kishindo, na mvua ikamwagika.

Wote walikimbilia barazani isipokuwa Hija. Alisimama pale pale, maji yakimtiririka shingoni, akiitazama gari.

"Fundi, njoo, unaloa!"

"Bi Radhiya, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Hizo karafuu kwenye kiti."

"Tangu gari ilipokuja. Hapa pana pahali gani pengine pakavu na karibu? Mvua isipokatika nakwenda nazo mpaka kazini, kesho yake nazirudisha juani."

Hija akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika boneti. Kazija akamwambia Mzee Marhoun kwamba fundi amerukwa na akili.

Mvua ilipokatika na karafuu zikarudi sakafuni, Hija aliwaita wote. Akawaonesha, ubavuni mwa kiti cha nyuma, dirisha dogo la plastiki lenye mianya, ambalo kila mtu alilidhani pambo.

"Hii ndiyo pua yake," akasema. "Betri inafanya kazi, inapata joto, na ndani mna feni inayovuta upepo kwa hapa ili ipoe. Mkilaza jamvi juu yake, mmeikaba pua. Na kabla haijakabwa kabisa, inavuta kinachopatikana."

Akafungua skrubu za feni, ambayo mara mbili zile hakuifungua kwa sababu iko mbali kidogo na betri na ilikuwa bado inazunguka. Akachokoa kwa bisibisi. Likatoka donge, jeusi, limeshikana kwa mafuta kama kipande cha halua: vumbi, makonyo, vichwa vya karafuu, nyuzi za majamvi. Harufu yake ilikuwa kali ya kuchoma macho.

Hija akalinusa, akatikisa kichwa. "Nimeingiza kichwa changu humu mara mbili. Harufu hii angeisikia mgeni akiwa nje ya mlango. Mimi sikuisikia. Msimu huu hata shuka zangu zinanuka karafuu, hata chai. Nitaisikiaje?"

"Nasi hatukuisikia," Radhiya akasema, "na ndani ya gari tunakaa sisi."

Mzee Marhoun akanyoosha mkono, akapewa lile donge. Akaliminya taratibu.

"Hizi ni zangu," akasema. "Kumbe ni mimi niliyekuwa namkaba mtoto wangu pumzi."

"Mzee, tumemkaba sote. Miye fundi nimemkaba zaidi."

Ijumaa baada ya sala, Hija alirudi Kengeja, na pamoja naye Vuai aliyebeba misumari na maneno mengi. Walisimamisha nguzo kando ya sakafu, wakaezeka bati kuukuu za Vuai, upana wa kutosha majamvi yote. "Miaka yote fundi wa betri," Vuai alisema akiwa juu ya ngazi, "leo kawa mjenzi wa mabanda ya karafuu. Kesho tutamwona anatahiri." Mzee Marhoun alicheka mpaka akakohoa, akaagiza Vuai apewe muhogo mwingine. Kabla ya kuondoka, Hija alimfundisha Radhiya kuifungua feni na kuisafisha kwa brashi ya rangi, akamtaka aifungue mbele yake, kisha aifungue tena.

Mwisho wa mwezi ulifika, gari ikawa inakwenda. Talal alipopiga simu, babake aliomba azungumze naye mwenyewe.

"Gari haiuzwi," Mzee Marhoun akasema. "Na dada yako hahami. Msimu ukija, tuma bati mpya, hizi za Vuai zinavuja."

Tangu hapo mzee ana desturi moja. Akipelekwa Mkoani, hakubali kukaa mbele na bintiye kama zamani. Hukaa nyuma, upande wa lile dirisha dogo, na njia nzima kiganja chake kiko mbele ya mianya yake, kikisikiliza upepo ukipita katikati ya vidole. Wakifika barabara ya gatini humwamuru Radhiya apunguze mwendo, naye, kwa kutoona, hutoa kichwa nje upande usio na kibanda, akapiga kelele:

"Hija! Inapumua!"

"Alhamdulillahi, Mzee!" Hija hujibu, na kuinamia tena kazi yake.