Mji Mkuu wa Kwenu

Nilichapwa viboko viwili kwa kutojua mji mkuu wa nchi nisiyowahi kuikanyaga. Nilikumbuka juzi, nilipomkuta mpwa wangu akijibu maswali ya miji mikuu kwenye simu.

Mchana ule darasa lilinuka vumbi la chaki. Wenzangu waliulizwa Misri na Ufaransa, kisha fimbo ikanielekea.

"Haya, Mwarabu. Oman. Si kwenu huko?"

"Kwetu Makorora hapa hapa, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Nilidhani kosa langu ni jiografia tu, nikaenda nyumbani nikikariri jibu alilotupa mwalimu: mji mkuu wa Oman ni Maskati.

"Baba, kumbe kwetu Maskati."

Baba, aliyezaliwa Makorora kama babu yake, aliacha wali, akavaa kanzu, akaenda shuleni. Alirudi macho mekundu. Mwalimu alimwambia nini, hajanieleza mpaka leo.