Kiberiti Adai Udongo Wake

Mume wangu watu wanamwita Kiberiti, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila baada ya mavuno hukusanya mabua na majani yote shambani, akayatia moto mpaka ardhi ibaki uchi. "Shamba ni kama sebule," husema. "Mtu akiingia asikute takataka." Basi shamba lake likawa safi kweli, na mahindi yakazidi kukonda mwaka hadi mwaka.

Shamba letu liko juu ya mteremko. Chini yetu ni la mdogo wake, na hapo ndipo penye shughuli. Shemeji yangu hachomi kitu. Mabua huyaacha yaoze yalipo, samadi ya mbuzi huifukia, na amechimba mitaro mirefu ya kukinga maji, iliyoukata mteremko, kama alivyoelekezwa na bwana shamba. Mume wangu alikuwa akimcheka: "Huyu analima au anazika watu?" Kicheko kikaja kumkauka mdomoni, maana mahindi ya mdogo mtu yalinawiri yetu yakiwa njano. Akipita kule anageuza uso upande mwingine, halafu akifika nyumbani ananiuliza mimi yamefikia wapi.

Kilichomtia wazimu hasa ni mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa kwetu, kwa kifungua mimba wake, na kwa mume wangu hiyo ndiyo heshima yote aliyokuwa nayo duniani. Sasa mdogo wake akasema, kwa adabu, mbele yetu sote: "Kaka, msimu huu ghala likiwa tupu tena, Mama aje kwangu." Tangu siku hiyo usingizi ukampaa.

Mvua ikaja kubwa. Asubuhi akaona mtaro wa juu wa mdogo wake umejaa udongo mweusi, na mwenyewe anauchota kwa koleo, anaumwaga kwenye mashina ya mahindi yake. Udongo ule ulikuwa umetoka kwetu. Akashuka mbio, na mimi nyuma yake.

"Nirudishie udongo wangu!"

"Upi, kaka?"

"Huo! Unanenepesha mahindi yako kwa shamba langu, mwizi mkubwa wewe!"

Shemeji akaegemea koleo. "Chukua wote. Ila tuchimbe kwanza mtaro kule kwako, la sivyo udongo utashuka tena. Hata leo nakusaidia."

"Mimi nifundishwe kulima na mtoto niliyembeba mgongoni?"

Akaazima toroli, akapandisha udongo kutwa nzima, jasho linamchuruzika, anatabasamu kama aliyeshinda kesi. Nikamwambia, "Baba watoto, chimba hata kimtaro kimoja." Akanijibu nikaolewe huko chini kama napapenda sana. Mvua iliyofuata haikumwonea haya. Udongo ulishuka wote, na safari hii ukaondoka na mahindi.

Ghala halikupata kitu. Shemeji alikuja kumchukua mama yake bila chembe ya majivuno, na hilo lilimuuma mume wangu kuliko yote. Bora angeringa, apate sababu ya kumchukia. Kitanda cha mama kilikuwa kizito. Kiberiti alisimama mlangoni amenuna, kisha akashika upande wa pili, wakateremka nacho.

Mama mkwe alikaa juu ya kitanda, akakikagua chumba chake kipya, halafu akamtazama mwanawe mkubwa.

"Jioni uje ule," akamwambia. "Mkeo mje naye."

Tulikwenda. Alipewa kiti cha mgeni, watoto wa mdogo wake wakamnawisha mikono. Alikula, akaongezewa, akala tena, na chakula kilikuwa kitamu. Tulipoaga, mama yake alitusindikiza mpaka mlangoni.

"Karibuni tena," akasema, na mume wangu akaupanda mteremko akilia.