Maneno Niliyoyakalia Miaka Ishirini na Sita

Iko siku moja haijapata kunitoka, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, kwetu Voi, nami nina miaka ishirini, nachemsha chai ya vijana wawili waliokaa mlangoni. Mmoja alikuwa kaka yangu Mwadime. Wa pili alikuwa Shadraki, aliyeniahidi ndoa. Shadraki alikuwa akimshawishi kaka waende kuiba bidhaa katika stoo ya mzee mmoja mfanyabiashara. Alisema mwenye stoo kaenda mazishini, na kazi ya kaka ni kusimama nje na mkokoteni.

Nilimsikia kaka akijibu, "Kama kuna kumgusa mtu, mimi simo."

"Mtu yuko wapi wa kuguswa?" Shadraki akacheka.

Nami nikamimina chai, nikanyamaza. Nilijua wizi ni wizi. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshahamia katika nyumba ambayo Shadraki angenijengea, na ukipenda, chongo huita kengeza.

Yule mzee alirudi mapema. Akawakuta ndani Shadraki na kijana mwingine aliyekuja naye, wakampiga, akafa kwenye sakafu ya stoo yake. Kaka aliposikia ukelele aliacha mkokoteni, akaingia, akapiga magoti kumwinua mzee kichwa. Majirani walimkuta hivyo, na damu mikononi. Wale wawili walikuwa wameshatoroka, na hawakuonekana tena.

Sheria ya wakati ule, mwanangu, haikuuliza nani alipiga na nani alisimama nje. Mlikwenda pamoja kwenye uovu, mtu akafa, basi nyote mmeua, na adhabu ni moja: kitanzi. Hata jaji angetaka kupima, hakupewa mizani. Kaka alieleza kortini maneno aliyoyasema mlangoni, lakini hakuwa na shahidi. Mama aliniuliza mara moja tu kama nilisikia lolote. Nikasema nilikuwa kisimani. Niliogopa kuingizwa katika kesi na, nisikufiche, bado nilikuwa namngoja Shadraki.

Kaka akahukumiwa kunyongwa, baadaye ikageuzwa kifungo cha maisha. Mimi nikaja huku Dubai kufua mashuka ya hoteli pale Mankhool. Mama akafa bila kumwona mwanawe nje ya ukuta wa gereza. Miaka ikawa ishirini na sita.

Ndipo akanipigia wakili mmoja, binti wa umri wako. Alisema sheria imebadilika, jaji sasa anaruhusiwa kupima, na wafungwa kama kaka wanaweza kuomba wahukumiwe upya. "Mama, hatuombi aonekane hana kosa," akaniambia. "Kosa lipo. Tunaomba korti ipime sehemu yake." Alitaka barua tu, kwamba kaka ana ndugu wa kumpokea. Kisha akasema jambo lililonikata maini: "Nimesoma jalada lote. Aliulizwa nani mwingine alikuwepo nyumbani asubuhi ile. Alijibu hakuna mtu."

Kumbe kaka alinificha. Yeye kitanzini, mimi kwenye chai yangu, na bado akanificha. Nikamwambia wakili nitaandika barua, nikakata simu.

Ijumaa nilikwenda Bur Dubai kwa Bi Sharifa, mzee wa Kiunguja aliyenilea tangu nilipofika huku. Nikamweleza yote, nikitaraji anibembeleze. Alikuwa akikunja kanga, na hakuacha kukunja.

"Kila Ijumaa waniambia nimwombee nduguyo, nami namwombea," akasema. "Kumbe maneno ya kumsaidia unayo, umeyakalia. Kisha wamtuma Mungu aende kortini badala yako."

"Naona aibu, Bi Sharifa. Watasema nilikuwa wapi siku zote."

"Watasema. Na kweli ulikuwa wapi?"

Kesho yake nilimpigia wakili, nikamwambia nilikuwepo. Nikala kiapo, na siku ya kusikilizwa ombi, msimamizi wangu Mganda, Nakato, akanifungia mlango wa chumba cha wafanyakazi nizungumze na korti kwa video. Nikamwona kaka kwenye kioo cha simu. Mvi tupu. Nikasema nilichokisikia, neno kwa neno.

Jaji akaniuliza, "Kwa nini hukusema wakati ule?"

"Niliogopa, mheshimiwa. Na nilimpenda mwingine kuliko kaka yangu."

Binti wa marehemu naye alipewa nafasi. Alisema, "Sijamsamehe. Alisimama nje wakiingia kwa baba yangu. Lakini sitaki afungwe kwa ajili ya mikono ya wengine." Maneno yale niliyaona ya haki kuliko yote yaliyosemwa siku ile, yangu yakiwemo.

Jaji aliondoa kifungo cha maisha, akampa miaka thelathini tangu alipokamatwa. Ukitoa theluthi anayosamehewa mfungwa kwa mwenendo mwema, kaka alikuwa ameshamaliza, na kupita. Aliponipigia kutoka nyumbani, kwanza tulilia tu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Dada, mimi nimekusamehe zamani. Ila ile miaka usiniombe niseme haikuniuma." Sikumwomba. Sasa analima matikiti, na huzungumza nami kila Jumapili. Ziko Jumapili hazungumzi sana, nami humwacha.

Shika haya, mwanangu. Ukialikwa katika jambo ambalo lazima mmoja asimame nje aangalie njia, jua huko ndani hakuna heri, na nje hutakuwa salama. Kukaa kando ya ubaya si kuukataa. Na ukiwa na neno la kweli la kumfaa mtu, liseme likiwa bado bichi, kabla halijamgharimu umri wake. Kama umechelewa, usijifiche nyuma ya kuchelewa: sema vilevile, ulipe aibu yake. Kawia ufike. Na anayestahili adhabu apate yake, isizidi kipimo, maana haki ikizidi kipimo huacha kuwa haki.

Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo unaopima. Akuepushe na marafiki wa kukuweka mlangoni, na siku utakayokosea, akukutanishe na mtu wa kukwambia kweli bila kukutupa. Nenda na amani, mwanangu.