Silinda Sita za Baba

Sisi tuliokulia Utende, kule kisiwani, miaka ile hifadhi ya bahari ingali changa, michezo yetu tuliijua: rede, kombolela na kusukuma gari la baba. Huo wa tatu ulikuwa wa nyumbani kwetu, lakini watoto wa jirani waliupenda kutuzidi. Walikuja mbio, midomo ikiwa bado na mafuta ya vitumbua.

Baba alikuwa mwalimu kutoka Songea. Gari lake la silinda sita alilinunua likiwa limeshachoka. Kwenye mchanga wa njia ya Kilindoni lilikohoa, likatoa moshi, likalala. Mama alisema silinda mbili ndizo zinazofanya kazi, nne ni abiria.

Likizo moja, mama akiwa na mimba ya kitindamimba wetu, baba aliamua kuliongezea nguvu. Hakutaka makubwa. Yeye na rafiki yake Mzee Bakari, fundi wa mashine za boti, waliosha kabureta, wakabadilisha plagi na kufunga bomba la moshi pana zaidi. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilivuka bahari hadi Dar, ikasagwa kidogo ili injini ibane hewa vizuri. Nyumba ilinuka petroli hata wali wa nazi tukauona una ladha ya injini. Mama aliuliza kama mtoto naye ataogeshwa kwenye beseni la kuoshea kabureta.

Lilipowaka, lilinguruma. Mama hakulisifu.

Kisha Jumapili moja asubuhi uchungu ukamshika mama kabla ya siku zake kutimia. Baba alimpakia pamoja na jirani yetu Bi Mwanahawa, na sisi tukajipakia bila kuitwa, maana kazi yetu tuliijua. Tulipokaribia mchanga mzito tukaanza kuvua ndala.

Baba alirudi kwenye gia ya pili, akakanyaga mafuta. Gari likayumba, mchanga ukaruka hadi madirishani. Mama alimshika bega.

"Mwalimu," alisema taratibu, "likizima hapa, utanizalisha wewe."

Baba alikaza mikono kwenye usukani. Jasho lilimtiririka shingoni. Injini ikapandisha sauti, ikavuta, na ghafla tukawa kwenye ardhi ngumu, ndala zetu mikononi. Bi Mwanahawa akamshukuru Mungu. Mama, ambaye siku zote alimkataza baba kukimbiza gari, akacheka huku akiuma meno.

"Haya, usipunguze."

Mdogo wetu alizaliwa hospitali ya Kilindoni kabla ya adhuhuri.

Leo njia hiyo ni lami, na mdogo wetu huyo ana gari lake. Vijana hawa, taa ikiwaka kwenye dashibodi, wanaipiga picha, wanaituma kwa fundi, kisha wanakaa kusubiri jibu. Kwenye safari kila mtu na simu yake, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Baba, sasa mzee, hukaa mbele akiinamisha sikio kuitafuta sauti ya injini. Juzi aliuliza kwa upole kama gari limeshawaka. Tulikuwa tumekaribia Kilindoni.