Magurudumu ya Kung'arishia Pete ya Mama

Mimi ni sonara, mtoto wa sonara, na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema, mtu asije akadhani niliyapitia haya kwa utulivu. Wiki mbili nzima kwenye karakana yangu pale Masoko nilikuwa nimevurugwa: nagombana na wauza vifaa, nagombana na simu, nagombana hata na mota ambayo haikuwa na kosa.

Baba alifariki, mama akaingia eda nyumbani Miteja. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemvua mapambo kama desturi inavyotaka, akayafunga kwenye leso na kunikabidhi mimi kwa kuwa ndiye fundi. Mlikuwa na hereni, bangili moja, na pete. Pete hiyo baba aliifua mwenyewe kabla ya ndoa yao, fedha tupu, juu yake akapachika akiki nyekundu aliyoichonga kwa mkono wake. Ukoo mzima unaijua ile akiki. Lakini fedha ilikuwa imeingia weusi, na jiwe limefifia. Nikajiapiza kwamba mama akimaliza miezi minne na siku kumi, ataivaa inang'aa kama siku aliyovishwa. Sikuwa na kitu kingine cha kumfariji.

Baba alikuwa anang'arisha kwa msasa, jivu laini, kitambaa na subira. Mimi subira sina, nikanunua mota ya umeme yenye ncha mbili za kufungia magurudumu. Ikaja bila gurudumu hata moja.

Nikapanda basi kwenda Lindi mjini. Tulipopita Kitomanga nilikuwa bado na raha zangu, nikidhani gurudumu ni gurudumu. Muuza vifaa vya ujenzi akaniuliza, "Dada, unataka la chuma, la gari, au la terazo?"

"Nataka la fedha na la jiwe."

"Jiwe si ndiyo hiyo terazo?"

Nikitazama sakafu ya duka lake, kweli, mawe yale, na yanang'aa. Nikarudi na kisahani cha kusagia terazo, sponji ya kung'arishia magari, na gurudumu moja la kitambaa, tabaka juu ya tabaka, lililoshonwa kwa duara.

Mabaki ya mawe hayakosekani kwenye karakana yangu, nikaanza na hayo. Kisahani cha terazo kilikitafuna kipande cha akiki kama muwa. Sponji ilichomoka kwenye mota ikagonga ukuta, nikaitukana. Kitambaa, nikikipaka dawa nyekundu ya kung'arishia, kiliifanya fedha icheke, lakini jiwe hakikulifanya lolote. Nikafungua simu. Kwenye video kuna mzungu mmoja ana magurudumu ya kila rangi, meupe, ya kijani, ya waridi, anayabadilisha huku anatabasamu, na lugha yake siijui. Nikazima simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoiwasha.

Aliyeniokoa ni fundi viatu wa jirani. Alinikuta nimenuna, akanikatia duara la ngozi ngumu ya soli. "Jaribu hili," akasema, "maana la kununua utalitafuta hadi uzeeke." Nikalifunga, nikalipaka unga mweupe wa kung'arishia uliolowa maji kidogo, nikaligusisha akiki ya mabaki. Ikang'aa kama imetoka kisimani sasa hivi. Nilicheka peke yangu. Kitambaa cha fedha, ngozi ya jiwe, kumbe ni hivyo tu.

Siku tatu kabla ya mama kutoka eda, nikaichukua pete. Fedha ikatakata. Nikahamia kwenye ngozi, nikaligusisha jiwe, likaingia ukungu. Nikabonyeza zaidi, uso wake ukavutika nyuzi, na harufu ikapanda, harufu ya kitana kilichoangukia kwenye makaa. Nikabadili unga, nikarudia kitambaa, likazidi kuharibika. Jamani, gurudumu lile lile, unga ule ule, akiki moja inang'aa na nyingine inavurugika. Nilikaa chini nikaona kazi yote niliyofundishwa sijui hata herufi yake moja.

Jiwe la mteja yeyote mimi huligusisha mdomoni kabla ya kulipokea. Jiwe la kweli huwa baridi. La baba sikulijaribu. Ningelijaribuje? Ingekuwa kumwambia marehemu baba yangu kwamba ni mwongo. Sasa nikaliweka mdomoni. Lilikuwa vuguvugu, kama mpini wa kijiko cha plastiki.

Nikamkasirikia baba, Mungu anisamehe. Fundi mzima amvishe mke wake plastiki, aseme akiki? Siku ya mwisho ya eda nikaenda Miteja na ile pete, sijui nimwambie nini mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na sura ya ugomvi?"

Nikamwekea pete kiganjani. "Nimeiharibu, mama. Na hili si jiwe."

Hakushtuka. Aliigeuza taratibu. "Najua. Nimelitia mimi."

Akaniambia. Akiki ilimdondoka akiokota korosho, mimi ningali mgongoni. Alifukua majani siku tatu asiione. Baba hakuwa mtu wa kupiga, ila mama hakuweza kuuona uso wake akiambiwa. Kando ya barabara kubwa akaokota kipande cha taa nyekundu ya nyuma ya lori, akakisugua juu ya mwamba mpaka kikapata umbo, akakibandika kwa gundi ya viatu. Tangu hapo, baba akimtazama mkono, yeye hukunja vidole.

"Nimemdanganya mpaka anaingia kaburini," akasema. "Miezi minne hii silii kifo tu. Nalia hilo."

"Hakuwahi kuishika?"

"Kila mkesha wa Idi alikuwa ananivua, anaisugua kibarazani, ananirudishia. Roho inanitoka mpaka amalize."

Nikaichukua nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Nilikuwa nimeitazama wiki mbili nikiwazia magurudumu, sikuwahi kuitazama kama fundi. "Mama, gundi uliweka wapi?"

"Pembeni, kuzunguka."

"Hapa hamna gundi. Kipande kimebanwa na ukingo wa fedha, mwembamba, umekunjwa kidogo kidogo kwa patasi. Kazi hii si yako."

Mkono uliokunja fedha ile naujua, nimekaa nao benchi moja miaka. Baba aliking'oa kile kipande cha taa, akasafisha gundi yote, akakipachika upya kwa fedha ili kisije kikamdondoka mkewe mbele za watu. Kisha akamrudishia, akamwambia Idi njema.

"Kwa hiyo alikuwa ananiona nikikunja vidole," mama akasema.

"Alikuwa anakuona."

Nikamwambia sasa magurudumu ninayo, nitamchongea akiki nyingine kabla ya Ijumaa. Akaninyang'anya pete kabla sijamaliza, akaifumbata kwa mikono miwili, akajifunika kanga usoni. Tangu tuzike, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia analia kwa sauti.