Kocha Aliyetuahidi Mbio

Sikumpenda tangu alipofungua mdomo. Alisimama katikati ya uwanja wa kikapu wa chuo, viatu vyeupe visivyo na hata chembe ya vumbi, akatuambia sisi mashabiki kwamba mpira wa zamani umekwisha. Alikuwa ametoka ng'ambo ya daraja la Tana, huko ambako wazee wetu wa Garissa mpaka leo wanakuita "Kenya", kana kwamba sisi tuko nchi nyingine.

"Tutakimbia dakika zote arobaini," alisema. "Wapinzani wakishika mpira tutawakaba uwanja mzima. Hakuna tena kumtafuta mtu mrefu chini ya kikapu na kumngoja ageuke."

Huyo mtu mrefu chini ya kikapu nilikuwa mimi. Si siku hiyo. Siku hiyo nilikuwa mwenye duka la rangi na misumari mtaa wa Iftin, kitambi kimeanza, goti la kushoto bovu. Lakini miaka mitatu niliyosoma chuo kile, mpira wote ulipita mikononi mwangu. Kocha wetu wa zamani, mzee aliyetufundisha hesabu asubuhi na kikapu jioni, alikuwa na mtindo mmoja tu: nendeni taratibu, mpeni mrefu. Sasa mzee amestaafu, na mgeni huyu anamfuta kwa sentensi mbili.

Kando yangu alikaa dereva mstaafu wa malori ya Mandera, shabiki asiyekosa mechi. Ulimi wake, kama wa wengi wetu, unaigeuza p kuwa b. Akainua mkono.

"Mwalimu, umewahi kukaa Garissa mwezi wa bili?"

"Wa pili? Bado."

"Basi umalize kwanza na joto lake, halafu uje utuambie habari za mbio."

Tulicheka kicheko cha kumuumiza mtu. Yeye akatazama saa yake, akawaita wachezaji.

Mechi ya kwanza tulicheza na wageni kutoka Wajir, saa kumi alasiri, saruji ya uwanja bado inachoma kupitia soli. Robo ya kwanza vijana walikimbia kweli. Wageni walinyang'anywa mipira mpaka wakaanza kugombana wao kwa wao. Dereva akasogea mbele kuona vizuri. Mimi sikusogea. Kufika robo ya tatu, vijana wetu walikuwa wameinama wameshika magoti. Nahodha, kijana mwembamba kutoka mji wa Rhamu, alitapika nje ya mstari, akajifuta, akarudi ndani. Wageni wakawa wanapita katikati yao wakitembea, wakitembea kabisa, na upande wetu ukaanza kuimba: "Kimbia! Kimbia! Kimbia!" Tulikuwa tunawadhihaki watoto wetu wenyewe. Tulipigwa vibaya.

Jioni hiyo nikarekodi sauti, nikaituma kwenye kundi la mashabiki. "Huyu mtu anadhani wale ni mbuzi wa mnada," nilisema. "Hata mwenye mbuzi huwanywesha kabla ya kuwaswaga. Hajui joto, hajui kikapu, hajui watu. Wallahi, arudishwe alikotoka kabla hajatuulia mtoto." Kabla ya swala ya isha sauti ilikuwa imefika mabweni ya chuo. Watu wakanipongeza, nami nikaridhika.

Siku ya tatu kocha akaingia dukani. Aliomba kopo la rangi nyeupe na brashi mbili, achore upya mistari ya uwanja. Nikamwekea mezani.

"Sauti yako nimeisikia," akasema. "Mara tatu."

"Na?"

"Habari ya maji ulisema kweli. Kosa lile ni langu, na vijana nimewaomba msamaha. Habari ya kikapu hujui unachosema."

"Nimecheza katikati pale miaka mitatu!"

"Nimeambiwa. Nimeambiwa pia kwamba miaka hiyo yote hamkushinda hata mechi moja ng'ambo ya daraja."

Ilikuwa kweli. Ng'ambo walikuwa na warefu kama mimi, na warefu wao walijua kukimbia. Jambo hilo hatukulitaja hata baina yetu, na sasa lilikuwa limetamkwa dukani kwangu na mtu wa viatu vyeupe. Nikamwambia duka si uwanja wa mikutano. Akabeba kopo lake akaondoka.

Alibadilisha mambo kadhaa. Mazoezi yakahamia alfajiri, baada ya swala. Pipa la maji likawekwa kando ya benchi. Wachezaji wakaanza kupokezana, watano ndani, watano nje, kila baada ya dakika chache. Dereva alikwenda kuwatazama, akaniletea habari.

"Bado ni mbio," alisema, "lakini sasa ni mbio za watu wenye akili."

Nikamwambia asiniletee habari nisizoziuliza.

Kisha kikaja chuo kimoja kutoka ng'ambo. Nilikwenda, nikakaa mahali pangu. Hili sijalisema hata nyumbani kwangu: niliomba tushindwe. Kila pasi yetu iliyopotea, moyo wangu ulipata nafuu. Dakika ya mwisho tulikuwa sawasawa. Nahodha akapokonya mpira, akakimbia nao peke yake uwanja mzima, akautia kikapuni. Watu wote wakaruka. Mimi nilibaki nimekaa, mikono nimeikalia. Dereva akageuka akanitazama.

"Wewe uko ubande gani?"

Tulishinda kwa kikapu hicho kimoja.

Mechi mbili zilizofuata vijana wetu walipigwa, nami nikarekodi sauti nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Hakuna aliyeijibu isipokuwa mmoja aliyeandika: "Adeer, pumzika." Adeer ndivyo tunavyomwita baba mdogo, na mtu yeyote wa rika lake. Wachezaji, waliokuwa na desturi ya kunisalimia wakipita dukani, wakaanza kupitia barabara ya pili.

Muhula ulipokwisha, nahodha alikuja kununua kufuli la sanduku lake kabla ya kusafiri kwenda kwao. Nilimwona amesimama pale, na maneno yakanitoka yenyewe.

"Siku ile mlipowafunga wale wa ng'ambo, nilitaka mshindwe."

Alijaribu ufunguo wa kwanza, halafu wa pili.

"Tulijua, adeer. Kutoka uwanjani tunawaona nyote mlivyokaa."

"Na kocha?"

"Alituambia tusikutazame."

"Nisamehe," nikasema.

"Maneno ya kwenye simu nilikusamehe zamani," alisema, macho yake kwenye kufuli. "Hili la leo, ningependa ungelinyamazia."

Akaniaga kwa adabu zote za mtoto aliyelelewa, akaenda zake.

Kocha bado yupo, na bado simsalimii. Tukikutana sokoni, kila mmoja hupata kitu cha kutazama upande wa pili. Jumamosi hii wanacheza tena nyumbani. Dereva alinipitia asubuhi kuuliza kama nitakwenda, nikamwambia nina mizigo ya kupokea.