Simu Iliyobeti Ukweni

Kabla hamjaisikia kwa rafiki yangu Bakari, ambaye kila akiisimulia anaongeza mambo yake (juzi eti nilikimbia na kiatu kimoja, uongo mtupu), afadhali niwaambie mwenyewe: ni kweli, mimi mzee mzima, karani mstaafu wa shamba la mkonge, niliyemaliza kidato cha nne enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kidato cha nne, nilikalia simu mbele ya wakwe watarajiwa na simu ikaendelea kuongea huko chini. Aibu ni yangu, nimeikubali. Ila nisikilizeni mpaka mwisho, maana Bakari huishia pale watu wanapocheka.

Simu yenyewe aliniletea binti yangu Zuhura, anayefanya kazi Dar. Nzuri, kioo kikubwa, lakini alikuwa ameifunga. Ukiiwasha unakuta vitu vichache tu vyenye maandishi makubwa kama ya darasa la kwanza: kupiga, ujumbe, kamera, tochi, redio. Ukitaka kuongeza kingine inakuuliza namba ya siri, na namba anayo Zuhura. Sababu alikuwa nayo, sitamdhulumu. Kwenye simu ya zamani niliwahi kuwaamini matapeli, nusura nitume akiba yangu yote kwa mtu aliyejiita mwalimu mkuu wa mjukuu wangu, na mjukuu wangu wakati huo bado ananyonya.

"Baba, nimeifunga kwa usalama wako," akasema.

"Mwanangu, mimi nimeshika funguo za stoo nzima ya mkonge, leo wewe unishikie funguo za mfuko wa kanzu yangu?"

Akacheka. Namba hakunipa.

Ningevumilia, kama si drafti. Bakari ana mchezo wa drafti kwenye simu yake, anacheza peke yake barazani huku akipiga kelele "Kingi! Kingi!" kama vile amemla mtu wa kweli. Nikampigia Zuhura aniwekee na mimi, akasema drafti za bure huwa zinakuja na wenzao, niachane nazo. Jambo hilo lilinikaa kooni. Mtu wa umri wangu naomba ruhusa ya kucheza drafti, na nanyimwa!

Basi siku niliyokwenda Segera kwa shughuli zangu nikamwona fundi simu jirani na wauza machungwa, nikampa. Nitasema haki, alinionya. "Mzee, hii nikiifungua inafunguka yote. Haitakuuliza tena kitu." Nikamwambia hicho ndicho ninachokitaka. Akaifungua, akaniwekea drafti, na kila iliponiuliza kama nakubali hiki na kile, nilibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo (nilikuwa nimenyimwa ndiyo muda mrefu). Nikarudi Handeni kidevu juu kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Keshokutwa yake ilikuwa siku ya posa.

Hapa niwaeleze. Rajabu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, ni seremala, na nimemlea mimi. Alikuwa anamtaka Mwanahawa, binti wa Mzee Mgaza wa Old Korogwe. Mara ya kwanza tulirudishwa mlangoni, kwa sababu kuna mtu alimpelekea Mzee Mgaza maneno kwamba Rajabu anabeti. Na yule mzee ndugu yake mwenyewe aliuza pikipiki ya familia kwa ajili ya kubeti, kwa hiyo neno hilo nyumbani kwake ni kama moshi machoni. Rajabu habeti. Lakini utathibitishaje jambo ambalo hulifanyi? Tukaomba, tukabembeleza, tukapewa nafasi ya pili, na tukaambiwa waziwazi kwamba ya tatu haipo. Kijana wa watu hali, halali, randa anaishika kinyumenyume.

Tukaenda mimi, mshenga, na Bakari wa kunisindikiza. Tukakaribishwa mkekani. Upande wao alikuwepo Mzee Mgaza, wazee wenzake, na shangazi wa binti, Bi Mwanaidi, mama ambaye ulimi wake hauna breki. Binti mwenyewe haonekani. Kwa taratibu zao huitwa mwisho kabisa, wazee wakisharidhika, akaulizwa mbele ya watu kama anawajua wale wageni. Akisema anawajua, imekwisha. Akisema hawajui, mnashukuru kwa chai mnaondoka.

Nilianza vizuri. Nilisalimia kwa kituo, nikataja ukoo, nikasema kwa sauti ya kikarani, "Mzee Mgaza, katika nyumba yetu hakuna anayejua hata kubeti kunaanzia wapi." Wazee wakatikisa vichwa. Mzee Mgaza akauliza huyo binti, kama akitoka, atakaa wapi. Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kujibu kwa mdomo kwamba Rajabu amejenga nyumba, ipo, imeezekwa. Lakini mimi nilikuwa na simu yangu huru, na ndani yake picha za hiyo nyumba, nikataka waone.

Nikaitoa. Nikagusa kioo. Ngoma ikalia, kisha sauti ya mwanamke, nyororo na kubwa ajabu: "Hongera! Leo ni zamu yako! Beti sasa ushinde papo hapo!"

Bakari akaanza kukohoa ili aifunike ile sauti (kikohozi cha Bakari kinajulikana, lakini yule mwanamke alimshinda). Nikabonyeza alama ya kufunga, likaja tangazo jingine, la king'ora: "Simu yako ina virusi! Simu yako ina virusi!" Nikabonyeza hilo, akarudi mwanamke. Nikapunguza sauti, ikaongezeka, sijui nilishika wapi. Nikaizima, haikuzimika. Nikaona njia iliyobaki ni moja, nikaichomeka chini ya paja na kuikalia, nikatazama mbele kama mtu anayesubiri dua.

"Usisite!" likasema paja langu. "Gusa hapa! Gusa tena!"

Bi Mwanaidi akainama kidogo kuangalia. "Mgeni wetu, huyo uliyemkalia si atakosa pumzi? Mtoe na yeye tumpe chai."

Wakacheka wote, isipokuwa mmoja. Mzee Mgaza alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na huzuni, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "umetoka kuniambia sasa hivi kwamba nyumbani kwenu hamjui kubeti. Sasa kama mlezi ni hivi, kijana atakuwaje? Kunyweni chai, mwende salama."

Bakari akaanza kunyanyuka. Mimi nikamwona Rajabu kule Handeni, amekaa kwenye lundo la takataka za mbao anasubiri, na nikajua nikinyanyuka nimemfungia mlango mtoto asiye na baba kwa sababu ya drafti. Nikaitoa simu, nikaiweka katikati ya mkeka ikiendelea na kelele zake, nikasema yote. Kwamba ilikuwa imefungwa na mwanangu, kwamba nilikuwa nimenyimwa drafti nikaona nimedharauliwa, kwamba fundi alinionya nikajifanya najua. "Kosa ni langu, na kiburi ni changu. Rajabu hahusiki. Kama kuna wa kukataliwa leo, nikataeni mimi, aje mzee mwingine amsemee."

Mzee Mgaza akaiangalia simu. "Unayosema tutayajuaje? Nani anaweza kuisoma hiyo?"

Watu wakatazamana. Jibu walikuwa nalo wote na hakuna aliyetaka kulitoa, mpaka Bi Mwanaidi alipolitoa. "Si Mwanahawa? Ndiye anayetutengenezea simu zetu wote humu ndani."

"Muda wake bado," mzee mmoja akasema.

"Bado, na huyu mwanamke ataimba mpaka magharibi?"

Mwanahawa akatoka na ushungi wake, akapiga goti, "Shikamooni," akaichukua. Akabana kitufe cha pembeni muda mrefu, simu ikazimika, akaiwasha kwa namna yake, ikawaka kimya. Jamani, ule ukimya! Akapekua, akafuta kimoja baada ya kingine.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "hapa hakuna mtu aliyebeti. Hajajiandikisha popote. Ni matangazo tu yaliyoingia na drafti." Kisha akanigeukia. "Mzee, nikufungie kama ilivyokuwa, au niiache wazi?"

Nikafikiri. "Ifunge, mama. Lakini namba ya siri niweke mimi."

Akanirudishia. "Haya, geukeni," Bi Mwanaidi akaamuru, na nawaambieni, wazee wote wa Old Korogwe waliokuwa mle ndani wakageuza nyuso ukutani, na Mzee Mgaza naye, mpaka nilipomaliza kuandika namba zangu. Sijawahi kupewa heshima kama ile, hata siku niliyostaafu.

Walipogeuka, Mzee Mgaza alikuwa na simu yake mkononi, ameitoa mfukoni. "Mwanahawa, na hii ya kwangu? Kaka yako amenifungia hata taarifa ya habari siipati." Hapo kicheko kikatoka, na yeye alikuwemo.

Bi Mwanaidi hakuiacha nafasi ile ipite. "Binti ameshatoka, na utaratibu ni kwamba akitoka anaulizwa. Kaka, muulize."

Mzee Mgaza akanitazama. "Mwanahawa," akasema, "hawa wageni unawajua?"

Binti akainamisha kichwa, nikamwona anauma mdomo asicheke.

"Nawajua, baba. Huyu mwenye simu ni baba mkubwa."

Baba mkubwa! Bi Mwanaidi alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Hale. Bakari akanikumbatia, kofia zetu zikagongana zikaanguka. Nikampigia Rajabu palepale, kwa simu ileile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ikapokea amri yangu.

Wameshaoana. Nami nimeapa sitakubali tena kubonyeza ndiyo kwa kitu nisichokielewa, na sitaingia nyumba ya watu na simu ambayo sijui inafanya nini. Kilichobaki kilikuwa Zuhura, ambaye kila Jumapili huko Dar alikuwa anaingia kwenye simu yangu kutokea kwenye ya kwake, kukagua kama niko salama. Jumapili ya kwanza baada ya posa akapiga, sauti imempanda.

"Baba! Mbona leo siwezi kuingia?"

"Piga hodi, mwanangu," nikamwambia. "Mwenyewe nipo."